Gumato Aliyeningoja

Nilifika Garsen saa nne asubuhi, na kabla ya kwenda nyumbani nilipitia kwa akina mama wa maziwa. Ndivyo nilivyofanya kila niliporudi, kwa miaka ishirini na zaidi. Nitoke Muscat au Maputo, mkoba nauacha dukani kwa Kassim, nachukua kikombe changu cha bati, nazunguka nyuma ya soko hadi wanapokaa, na kumnyooshea Gumato bila kusema neno. Naye huniacha nimesimama hivyo hivyo mpaka nikumbuke adabu.

"Rebe, hapa kuna watu," husema. "Salimia kwanza. Maziwa hayakimbii."

Siku hiyo nilisalimia kabla hata ya kuinua macho, ili nimnyime nafasi ya kunichamba. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Akina mama walikuwa watano, wamebanana kwenye kivuli cha mabati, madumu yao yamegusana. Lakini kando ya nguzo, mahali anapokaa Gumato, hapakuwa na mtu wala dumu. Walikuwa wamebanana huku nafasi ile ikiwa wazi.

"Amechelewa leo?" nikauliza.

Hodan, ambaye amekaa jirani yake tangu soko lile likiwa la makuti, alimtazama mwenzake kwanza, kisha mimi.

"Rebe, wewe unatoka nyumbani au unakwenda nyumbani?"

"Nakwenda."

"Basi nenda nyumbani."

"Gumato yuko wapi?"

"Nenda. Ndugu yako atakwambia."

Nimewahi kupewa habari za msiba katika lugha nne au tano, na nimeona kwamba kila mahali mtu aliyezibeba hujaribu kwanza kumtwika mwingine. Nilichuchumaa mbele yake. "Hodan, niambie wewe."

"Mamba," akasema. "Leo siku ya kumi na moja."

Nikamuuliza, "Mamba gani?" kana kwamba nawajua mmoja mmoja kwa majina. Hakunicheka. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akakijaza kutoka kwenye dumu lake, akanirudishia. Nilikishika. Sikunywa, na sikujua nikiweke wapi. Kilichokuwa kikinizunguka kichwani ni jambo moja tu: siku nne zilizopita nilizungumza na ndugu yangu Josiah kwa nusu saa nzima. Tulizungumza habari ya paa la nyumba ya marehemu mama, mabati mangapi, fundi yupi. Alikuwa anajua. Alizungumza nami nusu saa, akajua, akanyamaza.

Nilichukua pikipiki. Kijiji chetu kiko mtoni, nusu saa kutoka Garsen barabara ikiwa kavu, na njia yote nilikuwa namwona Gumato akiwa na miaka tisa, maana sikuweza kumwona akiwa mtu mzima aliyekufa.

Mimi ni Mpokomo, yeye ni Muorma. Baba yangu alilima ukingoni mwa mto, baba yake alichunga kwenye nyika za nyuma. Kati ya mashamba yetu palikuwa na njia pana isiyolimwa, inayoteremka polepole hadi majini, na ng'ombe wao walipita hapo kwenda kunywa. Njia ya namna hiyo tunaiita malka. Haina ukuta wala kibao. Mkulima anajua kwamba mgomba wake wa mwisho unasimama hapa, na mchungaji anajua kwamba ng'ombe wake hagusi mgomba huo. Ndani ya maji wachungaji huzungushia miiba sehemu ndogo, ili wanawake wachote bila kuogopa kilichomo mtoni.

Mama yangu na mama yake walikuwa na desturi yao: maziwa kwa mahindi, samli kwa ndizi. Tulipofika umri wa kubeba bila kumwaga, wakatutuma sisi. Nilimkuta amesimama upande wake wa malka, kibuyu mgongoni, ananitazama miguu.

"Wewe nalima na viatu?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha siku zile.

"Silimi. Nasoma."

"Nasoma nini?"

Nikamsomea maandishi ya kwenye gunia nililobeba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ng'ombe wa baba yake wana majina mazuri kuliko hayo. Akaanza kunitajia, na nilipokosea jina moja alinirudisha mwanzo. Ndivyo nilivyojifunza Kiorma, kupitia ng'ombe. Yeye akajifunza Kipokomo kwa kutukana migomba yetu. Nimejifunza lugha nyingine tangu hapo, shuleni na njiani, na hakuna mwalimu aliyenisumbua kama yeye. Nikisema sentensi sawasawa, alinitaka niseme tena, kwa haraka, na kwa hasira, kama mtu ambaye ndama wake amepotea.

Shule aliiacha darasa la tatu. Alipoolewa na Boru, mchungaji mpole asiyeongea sana, alianza kukusanya maziwa ya wanawake wenzake na kuyapeleka Garsen. Alikwenda kwa miguu kwanza. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kule kwao kumpangia mtu wa pikipiki apite kila alfajiri, na wazee walisema pikipiki itayagandisha maziwa kwa mtikiso. "Yakiganda nitawauzia nyinyi," aliwajibu. Vyombo vyake alivifukiza moshi wa kuni mwenyewe, hakumwachia mtu, na alikuwa na ulimi ambao sijauona kwa mwingine. Alionja tone moja na kusema ng'ombe huyu alilala karibu na mto, huyu alikula majani ya chumvi, haya mwenyewe ameyaongeza maji, mrudishieni. Hakukosea. Wanawake walikasirika na kesho yake walimletea tena.

Mimi nilipoanza kusafiri alinionea huruma. Alifikiri nimefukuzwa. Nilipomweleza kwamba hii ni kazi, kwamba naandika niliyoyaona na watu wanasoma, alifikiri kidogo.

"Wao hawana macho?"

"Wako mbali."

"Na wewe umekula nchi zote hizo na bado mwembamba hivi."

Mwaka wa vurugu, wakulima na wafugaji wa huku walipochinjana na vijiji kuungua, hakuna mtu wetu aliyethubutu kuvuka malka wala mtu wao. Lakini mama yangu aliniambia kwamba siku ya tatu alikuta kibuyu cha maziwa kimewekwa juu ya jiwe kwenye mpaka. Akakichukua, akaweka mahindi. Kesho yake mahindi hayapo, kibuyu kipo. Wiki sita yeye na Gumato hawakuonana uso kwa uso, na wiki sita nyumba yetu ilikunywa chai ya maziwa huku watu wakizikwa pande zote mbili. Mama alipokufa, Gumato ndiye aliyemwambia kasisi wetu, mbele ya waombolezaji, kwamba anakosea umri wa marehemu. Na kweli alikuwa anakosea.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyeambiwa ameliwa na mamba.

Josiah nilimkuta uani, anapachika mpini wa jembe. Aliponiona hakuinuka. Mkewe, Charity, alitoka na birika, akanimiminia chai, na chai ilikuwa ya rangi, bila tone la maziwa. Sote watatu tuliitazama.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekwambia nini kwa simu?"

"Kwamba Gumato amekufa."

"Ningesema hivyo, ungeniuliza amefia wapi."

"Amefia wapi?"

Akashusha jembe. Charity akaweka birika chini. "Mwonyeshe," akamwambia mumewe. "Usimweleze. Mwonyeshe."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Nilidhani tunakwenda malka, na kweli tulifika: njia ile ile, pana, ngumu kwa kwato za miaka mingi, migomba ya baba upande huu na ya jirani upande ule. Lakini chini, palipokuwa na maji, palikuwa na tope lililopasuka na matete. Mafuriko yale makubwa yaliusukuma mto. Nilikuwa nimesikia kwamba umehama, lakini kwa mwaka na zaidi sikuwa nimerudi kuona. Sasa maji yalikuwa hatua mia mbili mbele, na kati ya tope na maji palikuwa na ardhi mpya, nyeusi, laini, ardhi ambayo mkulima yeyote wa huku akiiona mate yanamjaa. Ilikuwa imejaa mahindi yaliyonipita kimo, na safu za migomba michanga. Kuizunguka, matawi ya miiba yaliyopangwa vizuri, manene, marefu. Ua wa mtu anayejua kazi.

"Lako?" nikauliza.

"Letu," akasema Josiah.

Malka iligonga ua ule na kuishia hapo. Kutoka hapo kijia chembamba cha watu kilikata kushoto, kikaambaa na miiba hadi mtoni. Tulikifuata. Kilituleta kwenye ukingo uliokatika wima, mrefu kunizidi, na maji yalikuwa chini yake moja kwa moja, ya kahawia, yanakwenda haraka, huwezi kuona hata shubiri moja ndani. Mtu alikuwa amechimba vidato kwenye udongo. Vitano. Cha mwisho kilitosha goti moja, na mtu akipiga goti hapo lazima aegemee mbele ndipo dumu liguse maji.

"Nani alichimba hivi?"

"Yeye. Kwa ajili ya wanawake wengine, wasiteleze."

Alikuwa amempokea mwenzake dumu, Josiah akaniambia, akashuka kulijaza kwa sababu yule mwenzake alikuwa mjamzito. Saa moja asubuhi. Walimpata mchana, kwenye matete ya chini, wakamzika jioni ile ile. Yeye Josiah alikwenda kuzika. Alisimama nyuma. Hakuna aliyemwambia neno, na hilo lilimtisha kuliko matusi.

Nilianza kumpigia kelele. Sikumbuki yote niliyosema. Nilimwita mwizi, nilimwambia ameziba malka, kwamba baba angemlaani. Aliniacha nimalize.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza nini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu. Nilikupigia. Nikakwambia mto umehama, umeacha ardhi mbele ya malka. Nikakuuliza, hii ni yetu au inafuata malka? Nikakwambia mimi sina hakika, wewe ulikulia kwenye malka ile na yule Muorma wako. Ulijibuje?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kiti nilichokalia. Nilikuwa uwanja wa ndege, Muscat, ndege ilikuwa inaitwa, nilikuwa na mkate mdomoni. Nilimjibu kwa haraka na kwa kujiamini: Ardhi inayoachwa na mto ni ya shamba lililo jirani nayo, hata baba alifanya hivyo upande wa juu. Panda.

Na sikudanganya. Ndiyo desturi yetu. Mto wetu haukai, unatoa hapa unachukua pale, na mkulima anayepoteza shamba huku hulipwa na tope la kule. Lakini wafugaji nao wana desturi yao, na ni ya kweli vile vile: malka haimalizikii kwenye alama, inamalizikia majini. Mto ukihama, malka inaufuata. Nilizijua zote mbili tangu utotoni, katika lugha zote mbili. Haikuwahi kutokea ziseme kinyume, kwa sababu wakati wetu mto haukuhama mbele ya malka. Josiah aliona kwamba hapo pana swali. Mimi sikuona hata swali.

Nilikaa chini pale ukingoni.

Hatua zilikuja nyuma yetu kwenye kijia. Nilipogeuka, nilidhani ni Gumato. Mwendo ulikuwa wake. Alikuwa Nimo, binti yake, ana miaka kumi na tisa, dumu la njano mkononi. Alinisalimia kwa Kiorma, salamu ndefu, ya watu, ya mifugo, ya mvua, ya safari, nami nikaitikia kila moja. Nikampa pole. Akaipokea. Josiah hakumtazama.

"Bado mnachota hapa?" nikamuuliza.

"Malka nyingine ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Ng'ombe baba anawapeleka huko. Sisi tuchote wapi, Anti?"

"Hamkwenda kwa chifu?"

"Baba alitaka. Wanawake wote walitaka. Mama akakataa." Alihamisha dumu mkono mwingine. "Alisema Josiah si mbaya, hajui tu. Alisema chifu akiingia, kesho ni habari ya Waorma na Wapokomo, na mnajua inavyokwisha. Rebe akiingia ni habari ya nyumba moja. Rebe akija atamwambia ndugu yake, yeye anaijua malka. Kila mwezi alisema hivyo. Wakamchoka, wakamwambia Rebe wako ameolewa na ndege."

"Kwa nini hakunipigia? Namba yangu anayo."

Nimo alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Habari ya malka haisemwi kwa simu. Mama alisema mtu anaisema akiwa amesimama juu yake."

Josiah aliinua macho, akaniangalia mara moja, akayashusha. Angeweza kusema. Alikuwa na haki ya kusema, na alinyamaza, akaniachia mimi. Nami kwa muda, sitaficha, niliona jinsi ilivyo rahisi. Binti hakujua. Mama yake alikufa akiniamini. Ningeweza kumkemea ndugu yangu mbele yake, nikawa Rebe yule yule aliyengojwa.

"Nimo," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia apande. Aliniuliza, nikamjibu panda."

Maji yalikuwa yanapiga udongo chini yetu.

"Ulipaona hapa?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa simu."

"Kwa simu."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Nilitaka apige kelele, anitukane kwa Kiorma, ningeyajua matusi yote, mama yake ndiye aliyenifundisha. Aliponyanyua uso haukuwa na machozi.

"Basi fungueni," akasema.

"Mahindi yamebakiza wiki tatu," Josiah akasema haraka. "Wiki tatu tu, binti yangu. Tuvune, halafu naondoa ua kwa mkono wangu, naapa kwa jina la Mungu. Watoto wangu wanakula nini?"

Nimo alishika dumu lake vizuri, akatupita, akaanza kushuka. Alikuwa kwenye kidato cha pili ndipo nilipomshika kifundo cha mkono.

"Usishuke."

"Nyumbani kuna watu wana kiu, Anti. Niache."

"Josiah!"

Nilimwita kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye ukingo, nimemshika binti wa watu mkono, yeye ananivuta chini bila hasira, kama anavyovuta mtu aliyezoea kubishana na ndama. Na nyuma yangu nikasikia miiba inakwaruza. Josiah hakuja na panga. Alikuwa anaung'oa ua kwa mikono mitupu, tawi moja baada ya lingine, anayatupa nyuma, mikono imeanza kutoka damu, na alikuwa anatukana, sijui anamtukana nani.

Nimo alipanda. Akaweka dumu chini, akasimama kuangalia. Nami nikaenda kumsaidia ndugu yangu. Miiba ile imeshikana vibaya. Ukivuta mmoja unakuja na mitatu. Tulifungua mlango wa upana wa mtu, kisha wa ng'ombe mmoja. Tukaingia kwenye mahindi. Josiah aliyavunja kwa kuyaegemea na mwili, safu kwa safu, na kila safu aliitolea sauti kifuani. Hadi majini ni hatua mia mbili, na mbele ya ardhi ile ukingo ulikuwa umelala, mchanga unaingia mtoni taratibu, unaweza kuona miguu yako hadi magotini.

Tulipofika huko tuligeuka, tunatweta. Nimo alikuwa nyuma yetu. Hakwenda majini. Alikuwa anapima kwa miguu, kutoka bua lililosimama huku hadi bua lililosimama kule.

"Hapa anapita ng'ombe mmoja," akasema. "Kundi likishuka na jingine linapanda?"

Josiah alijifuta uso kwa mkono, akajipaka damu. Akarudi, akavunja safu nyingine, nami nikavunja ya upande wangu.

"Bado," Nimo akasema.

Tukavunja tena. Sasa tulikuwa tumefikia migomba.

"Na huo."

"Huo una mkungu," Josiah akasema.

"Nauona."

Alisimama kidogo, ameuangalia. Kisha akainama, akalikumbatia shina, na mimi nikalishika upande wa pili.